Sabufa kwenye redio ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wapenda muziki wa Dodoma

Majibu haya ni ya mwenye amplifaya au risiva ya miaka ya 1970 au 1980 (hapa naiita redio), spika mbili, na hamu ya kuongeza sabufa, yaani spika ya sauti za chini pekee, aisikie besi jinsi mpigaji alivyoipiga. Hayahusu sinema wala muziki wa ukumbini. Mpangilio umefuata jinsi watu wanavyouliza hapa mjini, kuanzia Nkuhungu mpaka Ilazo.

Nina Sansui aliyoniachia baba na spika zake kubwa za mbao. Kweli zinahitaji sabufa?

Huenda hazihitaji, na ni vizuri ujue hivyo kabla hujatoa fedha. Uzi mnene kuliko yote kwenye gitaa la besi la kawaida hutoa sauti ya hezi 41 hivi, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Spika ya kusimama sakafuni yenye woofa (koni kubwa ya besi) ya inchi 12, ikiwa nzima, hufika huko au karibu na huko. Spika ya kuweka juu ya kabati, ya inchi 6 au 8, huanza kupungua nguvu kwenye hezi 60 au 70. Besi bado utaisikia, kwa sababu kila noti ina sauti nyingine juu yake na sikio hujaza palipobaki, lakini uzito wake haupo.

Fanya jaribio hili. Chukua wimbo wa dansi ambao mpiga besi anashuka noti moja moja hadi chini, na nyimbo za namna hiyo zimejaa kwa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kwa Marijani Rajabu, kwa Mlimani Park. Kaa unapokaa siku zote. Kama noti zinafifia kadiri zinavyoshuka, sabufa itakusaidia. Kama zote zinasimama kwa nguvu moja, baki na ulichonacho.

Tazama pia sponji linalozunguka koni ya woofa. Kwenye spika nyingi za umri huo limeoza, ukiligusa linabaki unga kidoleni, na besi inakuwa imepotea kwa sababu hiyo tu. Fundi spika hulibadilisha kwa gharama ndogo kuliko sabufa yoyote ya maana. Tengeneza hilo kwanza, usikilize wiki moja mbili, ndipo uamue.

Dukani kuna sabufa yenye spika mbili ndogo, rimoti na Bluetooth. Si ndiyo hiyo hiyo?

Hapana. Ile ni seti kamili ya muziki: boksi la besi lina amplifaya inayoendesha na vile vispika vyake, na imetengenezwa isimame peke yake bila redio yako. Nyingi zina tundu la AUX tu, hazina pa kuingizia waya za spika, na huwezi kuchagua zianze kufanya kazi hezi ngapi. Boksi lake aghalabu limetegwa livume eneo moja, karibu na hezi 80 au 100, hivyo kila noti inatoka na mvumo ule ule.

Unayoitafuta wewe ni sabufa moja pekee yenye amplifaya yake ndani. Igeuze uangalie mgongoni. Inatakiwa kuwa na kitasa cha sauti, kitasa cha krosova (hezi ambapo sabufa inawaachia kazi spika) chenye namba kama 40 hadi 120 au 50 hadi 150, swichi ya fezi (inayogeuza koni ianze kwenda mbele au nyuma) yenye 0 na 180, matundu ya RCA (yale ya duara ya waya za sauti) na, hili ndilo muhimu kwa redio ya zamani, vibano vya kuingizia waya za spika. Zipo za Yamaha, Jamo, JBL, Polk, Sony na nyinginezo, nyingi zikiwa mitumba. Dar es Salaam utachagua zaidi, lakini boksi hili ni zito na linaumia njiani, kwa hiyo ukiliagiza kwa basi sisitiza lisimamishwe wima na lisiwekewe mizigo juu. Na kama limeishi Pwani au Zanzibar, chunguza kutu kwenye skrubu na kwenye matundu kabla ya kulipa. Hewa ya chumvi hula vyuma ambavyo hapa kwetu vingedumu.

Inchi ngapi zinatosha?

Sebule ya kawaida, tuseme mita 4 kwa 5, inchi 8 au 10 nzuri inatosha kwa muziki. Inchi 12 inafaa kama chumba ni kikubwa au kimeungana na sehemu ya kulia chakula. Mimi nikipewa inchi 10 ya boksi lililofungwa na inchi 12 ya boksi lenye tundu, zote za hali moja, nachukua ya inchi 10. Boksi lililofungwa hushuka taratibu na noti yake hukata haraka, na gitaa la besi linataka hivyo. Lenye tundu hutoa nguvu zaidi kwa wati zile zile, ila likiwa la kiwango cha chini huburuta noti.

Nikague nini kwenye amplifaya kabla ya kuunganisha chochote?

Hapa nitachukua muda, maana sabufa hufichua kasoro ambazo spika ndogo zilikuwa zinazificha.

Anza na vitasa. Zungusha cha sauti, cha besi, cha treble na cha balansi. Kikikwaruza, ndani kuna vumbi na uchafu wa miaka, na Dodoma kwa upepo wake wa kiangazi vumbi hilo halikosekani. Dawa ni spirei ya kusafishia vitasa vya elektroniki: inapulizwa ndani ya kitasa chenyewe redio ikiwa imechomolewa, kisha kitasa kinazungushwa mara nyingi huku na huku. WD-40 ya kawaida si ya kazi hii.

Kisha volti za moja kwa moja kwenye vibano vya spika. Toa spika, washa redio, teremsha sauti hadi mwisho, iache ipate joto kama robo saa. Weka multimita kwenye milivolti za DC, pima kibano chekundu na cheusi cha upande mmoja, halafu upande wa pili. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, mwite fundi kabla ya kuendelea. Ukisoma volti nzima, zima mara moja, kwa sababu umeme huo unaunguza koili ya spika.

Tatu, kapasita kubwa za pawasapulai, yaani zinazolainisha umeme ndani ya redio. Zikikauka, redio huvuma kwa sauti ya chini hata bila muziki. Masikio yako yamezoea mvumo huo kwenye spika ndogo, lakini sabufa itauleta mbele ya chumba. Umri wa miaka 40 au 50 kwa kapasita za aina hiyo ni mwingi, na fundi anayejua kazi atakuambia zipi zibadilishwe na zipi ziachwe. Kazi hiyo usimpe mtu anayeanza kwa kung'oa kila kitu.

Mwisho hakikisha vibano vya spika vinabana kweli. Waya ukichomoka wakati muziki unapiga na kugusana na mwenzake, transista za kutolea sauti zinaweza kuondoka hapo hapo, na kupata za aina ile ile leo ni taabu.

Redio yangu imeletwa kutoka Japani, nyuma imeandikwa volti 100. Nyingine ya jamaa yangu ni ya Marekani, volti 120.

Umeme wa TANESCO ni volti 230, hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja, redio hiyo itaungua. Tumia transfoma ya kushusha, na uchague yenye wati zisizopungua mara mbili ya zile zilizoandikwa mgongoni mwa redio. Ya Japani itafutie ya kushusha hadi 100, kwa sababu zile za 110 huisukuma juu kidogo ya ilivyozoea. Redio zilizotengenezwa kuuzwa nchi nyingi zina kichaguzi cha volti nyuma au ndani, na kama kina 240, kiweke hapo.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huisahau. Sehemu ya mashariki ya Japani hutumia hezi 50 na ya magharibi hezi 60, hivyo redio ya Japani imeandaliwa kwa zote mbili. Ya Marekani inajua hezi 60 tu, na transfoma yake ya ndani ikilishwa hezi 50 inaweza kupata joto zaidi. Gusa kasha la redio baada ya nusu saa. Na kama una mashine ya santuri ya Marekani ambayo mota yake hufuata hezi za umeme, itazunguka polepole kwa karibu asilimia 17, na mwimbaji utamsikia mzito kuliko alivyoimba. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi.

Sabufa nayo ina volti zake. Isome kivyake, usidhani inafanana na redio.

Redio haina tundu la sabufa. Naunganisha wapi?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote. Redio za zamani hazina tundu hilo kwa sababu zilitengenezwa kabla sabufa hazijawa kitu cha nyumbani. Njia zipo, na hazilingani kwa ubora.

Njia ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu ni kutoka kwenye vibano vya spika. Spika zako zinabaki zilipo. Kwenye vibano vile vile vya A (seti ya kwanza ya spika; B ni ya pili) unaongeza waya mwembamba wa nyuzi mbili kwa kila upande, unaupeleka kwenye vibano vya kuingizia vya sabufa, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kushoto kwa kushoto. Sehemu hiyo ya sabufa ina ukinzani mkubwa sana, hivyo amplifaya yako haihisi mzigo wowote wa ziada, na kazi ya kusukuma koni inafanywa na amplifaya iliyo ndani ya sabufa. Zaidi ya hapo, sabufa inapokea sauti ile ile inayopokelewa na spika, ikiwa na tabia zote za redio yako na mpangilio wako wa besi na treble. Ukipandisha sauti, zote zinapanda pamoja.

Usitumie vibano vya B kwa sabufa mpaka ujue redio yako ilivyofungwa ndani. Baadhi ya risiva, ukibonyeza A na B pamoja, huzipanga kwa mfululizo, umeme ukipita spika moja ndipo ufike nyingine. Kwa kuwa sabufa ina ukinzani mkubwa, spika zako zitanyamaza karibu kabisa. Watu wamewahi kudhani redio imekufa kumbe ni hilo tu.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakiruhusiwi kurukwa. Chomoa redio kwenye umeme, toa waya zote za spika, weka multimita kwenye omu, gusa kibano cheusi cha kushoto na cheusi cha kulia. Ikisoma karibu na sifuri, vyeusi vyote viwili vinakutana ndani, na unaweza kuendelea. Isiposoma hivyo, simama. Kuna amplifaya ambazo kibano cheusi nacho kina umeme wa sauti, na sabufa nyingi huunganisha vyeusi vyote ndani yao. Ukizikutanisha utaunguza amplifaya. Hapo anahitajika fundi na kigeuzi chenye transfoma ndani.

Ya pili ni kwa risiva zilizoandikwa PRE OUT na MAIN IN nyuma, mara nyingi zikiwa zimeunganishwa kwa vipini viwili vya chuma. Toa vipini, weka waya wa RCA wenye mgawanyiko wa Y kwa kila upande: tawi moja lirudi MAIN IN, lingine liende sabufa. Ni njia safi. Vitunze vile vipini, kwa sababu bila waya au vipini redio haitoi sauti, na wapo waliopeleka redio nzima kwa fundi kwa kukosa vipande hivyo.

TAPE OUT au REC OUT achana nayo. Sauti inayotoka hapo haifuati kitasa cha sauti, hivyo sabufa itapiga kwa nguvu moja usiku na mchana. Tundu la hedifoni nalo kwenye redio nyingi huzima spika ukichomeka.

Kama sabufa uliyopata ina RCA tu, nenda kwa mafundi wa redio za magari uulize kifaa cha kugeuza sauti ya spika kuwa ya RCA. Ni kidogo, bei yake si kubwa, kinaingia waya za spika upande mmoja na kutoa RCA upande wa pili. Kimetengenezwa kwa magari ila kazi ya nyumbani kinaifanya.

Na wenye Philips au Grundig zenye matundu ya spika ya pini mbili, moja bapa na moja ya duara: ya duara ni chanya, bapa ni hasi.

Nimepata boksi la besi lisilo na amplifaya ndani. Niliunganishe pamoja na spika?

Siwezi kukushauri hivyo. Spika ya omu 8 ikiwekwa sambamba na boksi la omu 8 inakuwa omu 4, na redio nyingi za zamani mgongoni zimeandikwa wazi zinahitaji kiasi gani. Ukishuka chini ya hapo joto linapanda na transista zinaungua. Kama boksi ni zuri, linunulie amplifaya yake ya pembeni yenye krosova, kisha uilishe amplifaya hiyo kwa kile kifaa cha kugeuza sauti ya spika kuwa ya RCA.

Na sabufa ya gari?

Inaweza kupiga, ila ina mambo mawili. Amplifaya yake inataka volti 12 na ampea nyingi, kwa hiyo utahitaji pawasapulai ya nguvu, na ya kubahatisha hutoa mvumo. La pili ni boksi: ndani ya gari nafasi ni ndogo na hewa yake husaidia kuinua sauti za chini kabisa, na boksi limepigiwa hesabu hiyo. Ukilileta sebuleni msaada huo haupo, unabaki na kishindo bila kina.

Fundi seremala anitengenezee boksi?

Ndiyo, ukimpa vipimo. Ujazo wa boksi unatokana na spika yenyewe, kwa hesabu zilizowekwa huko Australia na Neville Thiele na baadaye Richard Small, na kampuni nzuri huchapisha namba hizo kwa kila spika. Spika isiyo na namba hizo itengenezee boksi lililofungwa, maana kosa dogo la ujazo hapo haliharibu sana. Tumia MDF ya milimita 18 au zaidi, mbao za kukazia katikati, gundi kwenye kila kiungo, na silikoni pembeni. Mninga ni mbao nzuri ya kupendeza kwa nje, lakini ubao mzima katika ukavu wa Dodoma hupinda na kufungua viungo, hivyo mwili wa boksi uwe MDF.

Niiweke wapi?

Mahali panabadilisha sauti kuliko chapa. Sauti ya hezi 40 ina urefu wa wimbi wa mita 8 na nusu, mrefu kuliko sebule zetu nyingi. Inagonga ukuta, inarudi, inajikuta yenyewe njiani. Sehemu moja inajiongeza, sehemu nyingine inajifuta. Chumba cha urefu wa mita 5 kina mwamko wake wa kwanza, yaani hezi ambayo chumba chenyewe huvuma nayo, karibu hezi 34, upande wa mita 4 karibu 43, na kimo cha mita 3 karibu 57. Kuta za tofali za saruji na sakafu ya vigae hazinyonyi chochote cha maana kwenye sauti hizo, kwa hiyo nyumba zetu huamka zaidi kuliko nyumba za mbao zinazooneshwa kwenye majarida ya nje. Ndiyo maana mtu anakaa kwenye kochi haoni besi, akisimama mlangoni inamfunika.

Fanya hivi. Beba sabufa uiweke juu ya kochi lako, pale pale unapokaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea. Halafu pita pembeni mwa kuta ukiwa umeinama, sikio likiwa karibu na sakafu, usikilize kila mahali. Utakuta pengine noti moja inarukaruka na nyingine hazipo, kisha utafika mahali ambapo noti zote zinasikika sawa. Sabufa iende hapo. Watoto watakucheka, endelea. Kona ya chumba hutoa nguvu nyingi lakini mara chache ndiyo sawa kuliko zote. Na kochi lenyewe likiwa limeegemea ukuta wa nyuma, livute mbele hata nusu mita, mara nyingi tatizo linapungua bila kugusa sabufa.

Nipange vipi krosova, sauti na fezi?

Kwanza zima kitufe cha LOUDNESS na urudishe besi na treble katikati. LOUDNESS huongeza besi kwa sababu masikio ya binadamu hayasikii vizuri sauti za chini muziki ukiwa mdogo, jambo lililopimwa na Fletcher na Munson mwaka 1933. Ukipanga sabufa huku kimewashwa, kila kitu kitaharibika ukikizima.

Spika kubwa za sakafuni: anza krosova kwenye hezi 50. Za kabatini: 70 au 80. Juu ya hapo sikio linaanza kutambua sauti inatoka upande gani, na besi inaachana na gitaa lake. Teremsha sauti ya sabufa hadi sifuri, piga wimbo unaoujua vizuri, pandisha polepole mpaka uisikie, kisha irudishe nyuma kidogo. Weka wimbo mwingine, na mwingine tena. Sasa mkae wawili, mmoja ageuze fezi kutoka 0 hadi 180 na kurudi. Upande ambao besi ya eneo la krosova imejaa zaidi ndio sahihi. Kama huoni tofauti, acha 0.

Usipange kwa wimbo mmoja wa kisasa wenye besi ya kompyuta. Tumia gitaa la besi, tumia ngoma ya ngozi. Kwa sisi wa hapa kipimo kizuri ni rekodi ya ngoma za Wagogo: muheme unaopigwa na akina mama, au ilimba (ala ya vibapa vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) na sauti za marehemu Hukwe Zawose. Ngozi ikipigwa, unatakiwa usikie mkono kwanza, mwili wa ngoma baadaye, vyote vikitoka mahali pamoja. Mkono ukitoka kwenye spika na mwili wa ngoma ukatoka pembeni mwa kabati la vyombo, krosova iko juu mno au sauti imezidi. Kwaya nayo inafaa: sauti ya nne ikigeuka mvumo, punguza.

Mpangilio wa siku ya kwanza huwa mkubwa. Watu wote hupunguza baadaye.

Nikipiga santuri, koni ya sabufa inacheza mbele na nyuma hata bila besi.

Santuri iliyopinda na mkono wa mashine huzalisha mitikisiko ya chini ya hezi 20, usiyoisikia ila koni inaifuata. Kwenye boksi lenye tundu ni hatari zaidi, kwa kuwa chini ya hezi lililotegewa hewa haiizuii tena koni. Kama redio ina kitufe cha SUBSONIC au LOW FILTER, kiwashe. Ondoa mashine ya santuri kwenye kabati linalogusana na sabufa, iweke juu ya kitu kizito au kwenye rafu iliyofungwa ukutani. Ukisikia mvumo unaojiongeza wenyewe kadiri unavyopandisha sauti, sindano inaisikia sabufa. Zisogeze mbali.

Kanda na rekodi za zamani zina besi ya kutosha kweli?

Nyingi zinayo. Rekodi nyingi za dansi zilifanyika katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na mstari wa besi umo, wazi. Nyingi ni za mono, jambo lisilo na shida kwa sabufa moja. Kinachopotea hupotea kwenye kunakili: kanda ya nakala ya nakala, au faili la simu lililobanwa mno. Tafuta nakala bora kabla ya kulaumu vifaa. Na usafishe kichwa cha deki kwa spiriti.

Kuna mvumo wa kudumu tangu nichomeke sabufa.

Chomoa waya za sauti kwenye sabufa, iache kwenye umeme. Mvumo ukiendelea, ni sabufa yenyewe. Ukikata, tatizo liko kwenye muungano. Chomeka redio na sabufa kwenye ekstensheni moja. Kisha toa kimoja kimoja vinavyoingia kwenye redio, ukianza na king'amuzi, kwa kuwa waya wa dishi mara nyingi ndio unaoleta njia ya pili ya ardhi. Ukikipata, weka kitenganishi chenye transfoma kwenye waya huo wa sauti. Usikate waya wa ardhi wa plagi ya sabufa, hata fundi akisema ndiyo dawa. Waya huo unakulinda wewe na watoto.

Dari la jipsamu, madirisha na vyombo vinatetemeka.

Weka programu ya kutoa toni kwenye simu, iunganishe na redio, tembeza polepole kutoka hezi 30 hadi 100 kwa sauti ndogo. Kila kinachotetemeka kina hezi yake na kitajitaja. Vioo vya kuteleza vinahitaji mpira mpya pembeni, nondo za dirisha zilizolegea zikazwe, vikombe vipewe kitambaa chini. Sabufa yenyewe isimame kwenye kipande cha mpira mzito. Bati la juu likipiga kelele, umepandisha sauti kuliko nyumba inavyoweza.

Majirani je?

Besi hupenya ukuta ambao sauti ya mwimbaji haipenyi, na jirani hupata mdundo bila wimbo. Toka nje usimame kwenye uzio wake usikilize mwenyewe. Kuna kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, lakini mazungumzo yanatosha kabla ya kufika huko. Usiku shusha kitasa cha sabufa peke yake, muziki mwingine uache.

Moja au mbili?

Anza na moja. Ya pili, ikiwekwa upande mwingine wa chumba, husawazisha besi kwenye viti vyote, si kwa wewe tu uliye katikati. Inafaa nyumba yenye wasikilizaji wengi. Si lazima zifanane sura, ila zikaribiane uwezo.

Umeme ukikatika wimbo ukiendelea?

Zima sabufa kwanza, kisha redio, kwa swichi zao, usisubiri urudi vikiwa vimewashwa. Ukirudi ngoja dakika chache utulie, washa redio, sabufa iwe ya mwisho. Kilinda umeme kama kile cha friji kinafaa, mradi uwezo wake uzidi wati za vyote viwili, na kama unatumia transfoma ya kushusha, kilinda umeme kikae kabla yake.